Milepa na thamani ya kutazamana usoni

GARI linalotoka Sumbawanga mjini hupita Ntendo, kisha huanza kuteremka Lyamba lya Mfipa, ukuta wa milima unaotenganisha nyanda za juu za Ufipa na Bonde la Ziwa Rukwa. Juu huko watu huvaa makoti asubuhi. Gari likifika Muze, abiria wameshavua masweta.

Ndani ya bonde hilo iko kata ya Milepa, eneo la mpunga, mahindi na ufuta. Wafipa huishi na wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao. Katika vijiji vya namna hii, mtu hujulikana kwa sura, kwa jina na kwa wazazi wake.

Kujuana huko kulijeruhiwa Februari 2013, watu wenye ualbino waliposhambuliwa mkoani Rukwa, Milepa ikiwemo. Washambuliaji hawakuona jirani wala mtoto wa mtu. Waliona kiungo cha kuuza.

Kazi ya mchoraji Mtanzania Sungi Mlengeya ni kinyume cha jicho hilo. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, na mwaka 2018 aliacha kazi ya benki ili achore. Huchora zaidi wanawake weusi, wengi wao watu anaowafahamu. Nguo zao na nafasi inayowazunguka huziacha nyeupe tupu. Mtazamaji haoni nyumba, mali wala cheo. Anabaki na uso na mikono, na analazimika kumtazama mtu mwenyewe.

Michoro hiyo si ya ualbino, lakini swali lake linaigusa Milepa: tunapomtazama mwenzetu, tunaona nini kwanza?

Ualbino si laana wala kosa la mama. Kwa kawaida mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, hata kama wao hawana dalili. Kwa jua la bondeni, anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga mionzi, kwa kuwa saratani ya ngozi ni hatari ya kweli kwake. Darasani akae mbele, maana macho yake huona kwa shida.

Hayo familia inaweza kuyafanya. Linalobaki ni la kijiji kizima: kumwita kwa jina lake, na kuuliza mara moja asipoonekana njiani kutoka shule.