Bandari Huru na Televisheni ya Mama

Tangu Aprili 2025, Donald Trump alipotangaza ushuru wa angalau asilimia 10 kwa bidhaa za karibu kila nchi, kuna neno linarudi mezani kwangu kila nikihariri habari za uchumi: bandari huru. Hoja yake nyepesi. Wenzako wakifunga milango, wewe fungua wako. Ondoa ushuru, meli zitakuja, maghala yatajaa, vijana watapata kazi.

Na kweli imewahi kufanya kazi. Mwaka 1819 Waingereza waliifanya Singapore bandari isiyotoza ushuru, wakati Waholanzi wakiibana biashara ya visiwa vya jirani. Wafanyabiashara wakamiminika. Hong Kong ikafuata mwaka 1841, na mpaka leo bidhaa nyingi zinaingia pale bila ushuru.

Lakini ni Hong Kong hiyohiyo inayonitia mashaka. Aprili hiyohiyo ya 2025, posta yao ilitangaza kuacha kupokea vifurushi vya bidhaa vinavyokwenda Marekani, kwa sababu Marekani iliamua kuvitoza ushuru hata vile vidogo. Miaka 184 ya mlango wazi haikusaidia kitu pale mlango wa mnunuzi ulipofungwa.

Sisi wa pwani somo hili tunalo nyumbani. Zanzibar ilifanywa bandari huru mwaka 1892, na hata baada ya utaratibu ule kufa, Unguja ilibaki na sifa ya vitu vya bei nafuu. Nikiwa darasa la tatu, mama alinunua televisheni Darajani, akarudi nayo kwenye boti ameikumbatia kama mtoto mchanga. Tulipoteremka Dar es Salaam akaambiwa alipie ushuru. Akamuuliza yule kijana, "Mwanangu, kwani Unguja ni Ulaya?" Kijana akacheka, ila risiti aliandika. Unafuu wote ukaishia pale gatini.

Ndiyo maana waziri akisifia bandari huru, mimi huuliza habari za upande wa pili: mzigo ukitoka hapo, nani amekubali kuupokea, na kwa ushuru gani? Biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika ilianza rasmi Januari 2021. Mazungumzo yale ya vikao virefu, yasiyo na utepe wa kukata wala picha za kupiga, ndiyo yangemfikisha mama nyumbani na chenji yake mkobani.