Tulivyochagua matairi na springi za gari la nyumbani

Kuna mambo ya nyumba ambayo aghalabu huachiwa mwanamume na fundi wake wayamalize gereji, mke na watoto waje kuyaona yakiwa yameshakamilika. Matairi ya gari ni mojawapo. Sisi wawili, mume na mke, tuliona jambo hili lisiende hivyo kwetu, kwa kuwa gari ni moja, fungu la fedha ni moja, na wanaolipanda ni watoto, watu wazima na mzee. Tunawaeleza wasomaji namna tulivyolipima, huenda likamfaa mwenye gari na njia kama zetu.

Makazi yetu ni Korogwe. Gari letu ni Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 90, aina iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002. Siku za kazi hupeleka watoto shule na kubeba magunia ya mchele ya duka letu dogo. Kila baada ya wiki mbili hupanda milima ya Usambara: lami kutoka Mombo, kona za Soni, mji wa Lushoto, kisha njia ya udongo mwekundu hadi kijijini kwa mama. Mama amepita miaka 70, magoti yake yamechoka, na kila mwezi hana budi kuteremka kwenda kliniki ya shinikizo la damu. Wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, udongo ule huteleza kama sabuni, na bodaboda wanayoitegemea vijana si chombo cha kumpakia mzee. Gari likishindwa kupanda, mama hukosa dawa. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipokuwa.

Matairi yetu yalikuwa yamekaribia upara, shokapu za nyuma zilikuwa zikivuja mafuta, na tukipakia mizigo mkia wa gari uliinama. Fundi mmoja mwenye sifa alitushauri tufanye yote kwa mkupuo: tuweke springi ndefu zitakazoinua gari kwa sentimita 5, na tulivishe matairi ya kipimo cha 285/75R16 yenye meno makubwa ya matope. Kijana wetu wa kidato cha tatu alifurahi mno, akaanza kutuonyesha picha za magari marefu katika simu. Hatukumkataza furaha yake, ila tulimwambia kwamba kabla ya kutoa fedha sharti tuelewe tunanunua nini.

Tulianza kwa kulisoma tairi lenyewe. Gari letu lilitumia 265/70R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kijana alichukua kalamu akapiga hesabu. Tairi letu lilikuwa na kipenyo cha milimita 777 hivi. La 265/75R16 lingefika 804, na lile la fundi, 285/75R16, lingefika 834. Lakini kinachoinua tumbo la gari kutoka ardhini ni nusu tu ya ongezeko hilo, kwa kuwa nusu nyingine huenda juu ya ekseli. Basi tairi la kati lingetuinua kwa milimita 13, na lile kubwa kwa milimita 28.

Hesabu hiyo ilifungua nyingine. Tairi kubwa hutembea mbali zaidi kwa kila mzunguko, ilhali kipimo cha mwendo kwenye dashibodi huhesabu mizunguko tu. Kama kipimo kilikuwa sahihi hapo awali, ukivaa 265/75R16 kikakuonyesha kilomita 80 kwa saa, gari kwa hakika linakwenda karibu 83. Ukivaa 285/75R16, karibu 86. Kuteremka Soni na watoto ndani, tofauti hiyo si ndogo. Tena tairi kubwa ni zito zaidi, hivyo injini hutumia nguvu nyingi kulianzisha na breki hutumia nguvu nyingi kulisimamisha, na breki zetu zilikuwa zile zile za kiwandani. Tairi pana mno pia husugua madigadi usukani unapokatwa hadi mwisho, na katika kona za milimani usukani hukatwa hivyo mara nyingi.

Jambo la pili lilihusu springi. Wengi hudhani gari likiinuliwa kwa springi, kila kilicho chini yake huinuka. Kwa Prado hii sivyo. Ekseli ya nyuma ni mti mmoja unaounganisha magurudumu mawili, na katikati yake limekaa difu. Springi ndefu huinua bodi na fremu, lakini difu la nyuma hubaki pale pale, maana urefu wake kutoka ardhini hutegemea tairi peke yake. Na difu hilo ndilo lililokuwa likikwaruza ule mgongo wa udongo unaobaki katikati ya mapito ya magurudumu. Sentimita 5 za springi zisingeliponya. Huku mbele, ambako kila gurudumu lina mikono yake, kuinua bodi kungezipinda zaidi sivi jointi na kuzichakaza mapema. Vilevile gari likiinuka, kitovu cha uzito wake huinuka nalo, na katika njia inayoinamia bondeni jambo hilo si la kufanyiwa mzaha.

Hata hivyo hesabu za karatasi hazikutosha. Mwenye safari hakuwa ameulizwa. Tulipokwenda kijijini tuliegesha gari uani, tukapandisha magurudumu yote manne juu ya mbao zenye unene wa karibu sentimita 8, ambacho ndicho kimo kilichopendekezwa na fundi, springi na matairi pamoja. Kisha tukamwita mama.

“Mama, tunataka kuliinua gari hivi, tupite matopeni. Tunaomba ujaribu kupanda.”

Alishika mpini wa mlango, akainua mguu, akaurudisha chini. Akajaribu tena. Mara ya tatu akaketi kwenye kibao chake cha jikoni, akacheka.

“Wanangu, matope mtayapita. Lakini mimi mtanipandishaje? Mtanifunga juu pamoja na viroba vya viazi?”

Kisha akamgeukia mke kwa sauti ya chini: “Mkamwana wangu, nami sipendi kubebwa mbele ya watu.”

Neno hilo ndilo lililokata shauri. Gari liliinuliwa kwa ajili yake; lau lingekuwa refu kumshinda, tungekuwa tumeshinda njia na kumpoteza abiria. Wahenga walisema msafiri maskini, ajapokuwa sultani, na mzee anayehitaji kubebwa ili apande gari la mwanawe huuonja umaskini huo mlangoni pake mwenyewe.

Basi tulichagua hivi. Matairi tuliyachukua ya 265/75R16, yenye meno ya kati yanayofaa lami na udongo pia. Yale ya matope matupu hushika vizuri penye tope zito, lakini hunguruma barabarani na hayashiki vyema lami iliyolowa, na sehemu kubwa ya safari yetu ni lami. Springi tulizibadilisha kwa za kimo cha kiwandani, za nyuma zikiwa ngumu kidogo kwa ajili ya magunia. Hatukutaka zilizo ngumu sana, kwani springi ya mzigo mzito, gari likiwa tupu, humrusha abiria wa nyuma, na mgongo wa mzee huhesabu kila shimo. Shokapu tulinunua mpya zote nne, pamoja na bushi zilizokwisha. Fedha iliyobaki iliongezwa kwenye ada ya muhula, na sehemu ndogo ikatengenezewa ngazi ya chuma pembeni mwa mlango.

Yapo mambo mengine ambayo mnunuzi asiyapuuze. Gari ambalo magurudumu yote manne huvuta wakati wote halivumilii matairi ya vipimo tofauti, kwa kuwa difu la kati hulazimika kufanya kazi bila kupumzika. Kwa hiyo tulinunua matano yanayofanana, la akiba likiwamo. Na kwa kuwa la akiba hutundikwa kwenye mlango wa nyuma, tulikagua bawaba zake kwanza. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya uzito: 112, kwa mfano, maana yake kila tairi hubeba kilo 1,120. Kuna pia tarakimu nne za umri: 2322 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2022. Mwenye kununua mitumba na azisome hizo kabla ya kutazama meno, kwani tairi huweza kuwa na meno mazuri na mpira uliozeeka. Baada ya kazi ya springi, magurudumu yapangwe upya, la sivyo matairi mapya yatalika upande mmoja. Na kampuni ya bima ijulishwe kila badiliko, ili pasiwe na ubishi siku ya dai.

Masika iliyofuata tulipanda na kushuka. Kabla ya kuingia udongoni tulipunguza upepo kidogo ili tairi litandike na kushika, tukaenda polepole, kisha tukaurudisha kwa pampu ndogo kabla ya kushika lami. Difu liligusa udongo mara chache, si kama zamani. Siku mbili kijito kilijaa, nasi tukageuza gari; hakuna tairi linalohalalisha kuvuka maji yasiyoonekana kina chake. Kwa siku kama hizo tumezoea kumwachia mama akiba ya dawa ya wiki mbili zaidi, kwa kibali cha mganga wake, na akiba hiyo haikutugharimu hata robo ya bei ya tairi moja.

Kijana wetu amekabidhiwa kipimo cha upepo. Kila Alhamisi jioni hupima matairi yote matano, baridi, kabla gari halijatembea, akaandika katika daftari. Juu ya ukurasa wa kwanza amechora gari refu sana. Pembeni mwa mlango wake amechora ngazi.