Kina cha "Ri" na "Li"

Neno mpole nililifahamu kwanza kwa punda. Kijijini kwetu, upande wa Bahi, mtoto aliyetumwa maji kisimani aliuliza kwanza amepewa punda yupi: yule mpole au yule wa mateke. Hakuna aliyemdhania mpole kuwa dhaifu. Madebe aliyabeba sawasawa na mwenzake, ila hakumwaga maji wala kumvunja mtu mguu. Baadaye, nikisomea ualimu Mpwapwa, mchungaji mmoja alitueleza kuwa neno la Kiyunani lililofasiriwa "upole" katika Agano Jipya hutumika pia kwa mnyama aliyefugwa akazoea mkono. Nilitabasamu. Wazee wangu wa Kigogo hawakuhitaji Kiyunani.

Hata hivyo nilifundisha Kiswahili sekondari zaidi ya miaka 30, na mara nyingi nilikuwa yule punda wa pili.

Mwaka 1989, katika shule ambayo sitaitaja, niliwapa wanafunzi zoezi la kutunga tarbia juu ya ukame. Kijana mmoja aliyetoka kijijini alileta beti tatu. Mizani yake ilikuwa timamu, 16 katika kila mshororo. Nilihesabu mara mbili nikitafuta kosa. Kosa nikalipata kwenye vina vya mwisho: hatari, mbali, habari, ukali. Kwake "ri" na "li" zilikuwa sauti moja. Nililisoma shairi mbele ya darasa nikiigiza matamshi yake, "hatali", "habali", na darasa likaangua kicheko. Sikumwona akitunga tena.

Ndugu wasomaji, kina hakikuniudhi kiasi hicho. Mimi mwenyewe nilitumia miaka kuing'oa "li" hiyo kinywani mwangu, na mama yangu alifariki akiwa nayo. Nilimcheka kijana ili mtu yeyote asinishuku mimi.

Kitabu cha Hesabu, sura ya 12, kinamtaja Musa kuwa mpole kupita watu wote. Katika sura ya 20, Musa huyo huyo anaupiga mwamba mara mbili kwa hasira, na kwa sababu hiyo anazuiwa kuingia katika nchi ya ahadi. Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba maji yalitoka, tena mengi. Wanafunzi wangu nao walifaulu. Ukali ukitoa matokeo, nani atakuambia uuache?

Agosti iliyopita nilikwenda soko la Majengo kununua zabibu. Muuzaji akainua uso. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha nikamtambua. Nikasema, "Pole kwa siku ile." Akajibu, "Nimeshapoa, Mwalimu," akapima kilo mbili na kuniongezea kishada.

Nilirudi nyumbani na jibu lake. Poa na pole ni ndugu wa shina moja. Kitenzi kimedondosha "l" ambayo kivumishi bado kinayo. Alikuwa amenijibu vizuri kuliko nilivyosema. Maana pole humpa mfiwa, mgonjwa, hata mpita njia aliyejikwaa, na anayeitamka si lazima awe amekosa lolote. Ni neno jema, nami nisingependa tulipoteze, lakini siku ile nilijificha nyuma yake. Nisamehe humtaka msemaji ajitaje: ile "ni" ya mwanzo ndiye yeye.

Juma lililofuata nikarudi sokoni. Nilisubiri wateja waondoke, nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikukejeli kwa kuwa ulisema kama mama yangu."

Alinyamaza akipanga vishada ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. "Kwani Mwalimu kwenu wapi?" Nikamtajia kijiji, na tukaendelea kwa Kigogo kwa muda. Hakusema amenisamehe, nami sikumsukuma. Nilipokuwa nikifunga mfuko aliniuliza, kwa Kiswahili sasa, "Hivi, Mwalimu, hatari na mbali ni vina au si vina?"

Nikamwambia kwa kanuni si vina.

"Na kwa sikio la mama yako?"

Wanakanuni mliomo humu najua mtakavyojibu. Mimi niliweka mfuko chini, nikaketi kwenye kreti lake tupu, nikamwomba anisomee ubeti wowote anaoukumbuka.