Nani Shefu wa Chumba cha Mazoezi?

Kazi yangu ni ile ambayo watu wa Kasongo huiita kine. Mtu akivunjika mguu, na plasta ikiisha kutolewa, huletwa kwetu tumkunje goti na kumnyosha. Aliyepigwa na kiharusi huletwa tumfundishe tena kushika kijiko. Sindano hatuna, dawa hatuna. Tuna mikono, mikeka, magongo, na miti miwili ambayo seremala alituwekea sambamba ili mgonjwa aishikilie akijaribu hatua. Mimi ndimi niliyewekwa kuwa shefu wa chumba hicho. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyokuwa shefu mbaya.

Niliwekwa kwa sababu mbili: nina diploma ya Kinshasa, na mimi ni mwanamume. Labda iko na ya tatu, kwamba mimi ni Mkusu na aliyeniweka ni Mkusu. Lakini jambo hilo hatulisemi kwa sauti. Mwenzangu ni mama, Mubangubangu wa upande wa Kabambare. Polio ilimshika angali mtoto, naye hutembea kwa gongo. Kazi aliijifunza kwa kutazama na kutenda, miaka mingi kabla mimi sijafika. Nilipofika nikampa kazi ya kupanga magongo na kuandika majina ya wagonjwa mlangoni. Naye akaitika, “Ndiyo, shefu.”

Basi, siku moja akaletwa mama mmoja Mwislamu, aliyeangushwa na pikipiki katika njia ya Kabambare. Mfupa ulikuwa umeshikana vizuri, lakini goti lilikuwa kavu kama kuni. Goti la namna hiyo halingoji. Ukiliacha majuma mengi bila kulikunja, huenda lisikunjike tena maisha yote. Na mwanamke wa kwetu asiyekunja goti atalimaje, atakaaje mekoni, atasalije? Nikamwambia apandishe kitenge. Akatazama ukuta. Nikarudia kwa ukali kidogo. Akaomba arudishwe kwao. Nikachukua daftari, nikaandika: “Amekataa matibabu.” Nikamwita mgonjwa mwingine.

Jioni mwenzangu alisoma daftari, akaniambia kwa upole, “Shefu, hakukataa matibabu. Amekukataa wewe.”

Nilikasirika, sitaficha. Lakini usiku maneno yale yalininyima usingizi, na asubuhi nikamwomba afanye anavyojua. Alifunga kamba kutoka dirishani hata mlangoni, akatundika vitenge viwili, akamtuma mtoto kumwita yule mama pamoja na mama mkwe wake. Wakaongea kibangubangu. Mimi nilikaa nje ya pazia kama mtu anayengoja zamu. Nikasikia akimwuliza kama maumivu yanakata au yanavuta, maana yakivuta twaweza kuendelea, yakikata tusimame. Mimi kwa Kifaransa changu nilizoea kuuliza tu, “Inauma?” Nani atajibu hapana?

Kisha akamfundisha kuanguka. Ndiyo, kuanguka! Mgonjwa mwenye magongo huogopa sakafu kuliko maumivu, na asipojua namna ya kuanguka hathubutu kupiga hatua. Mwenzangu ameanguka mara nyingi kuliko sisi sote. Alijitupa mkekani mbele yake, akainuka kwa gongo lake, wakacheka wote watatu. Baada ya miezi miwili yule mama alitoka kwetu kwa miguu yake, goti likikunjika, si lote, lakini la kutosha.

Mji wetu huu ni mji wa watu waliochanganyika tangu zamani. Kabla askari wa Dhanis hawajauteka mwaka 1893, ulikuwa mji mkuu wa Waarabu na Waswahili, watu wa Tippu Tip na mwanawe Sefu, na hata leo mwadhini na kengele ya kanisa husikika katika asubuhi moja. Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, Wazula, wote hufika mlangoni petu wakichechemea. Ni ajabu basi kudhani kwamba mtu mmoja mwenye karatasi aweza kuwajua wote.

Hapa hapa Kasongo walikwisha kufikiri vizuri kuliko mimi. Miaka ya 1970 waganga wa Chuo cha Antwerp cha Ubelgiji walifanya kazi hapa pamoja na Wakongo, na katika vituo vya afya waliwaachia infirmie kuwatibu watu wenyewe, daktari akiwa wa kuwasaidia na kuwaangalia. Mwaka 1981 walipotangaza katika gazeti la The Lancet habari za chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo, hawakuweka jina la bwana mmoja. Walitia sahihi ya kikosi kizima.

Na kazi yenyewe ya kine, je, ni ya wanaume? Chama cha kwanza cha Uingereza kilianzishwa London mwaka 1894 na wauguzi wanne, wanawake wote. Chama cha mataifa kilipoundwa Copenhagen mwaka 1951, rais wake wa kwanza alikuwa mwanamke wa Marekani, Mildred Elson. Niliposoma habari hizo nilimsomea mwenzangu. Akasema, “Na prime yao, ilikuwa sawasawa?” Sikuwa na jibu.

Maana hapo ndipo shida ilipo. Nilikwenda ofisini kuomba tuwe mashefu wawili. Nikajibiwa kwamba hana diploma, nalo ni neno la kweli. Kisha nikaambiwa neno jingine: wageni watasema nini wakimkuta kilema akiongoza chumba cha kuwafundisha watu kutembea? Hilo nililibeba mpaka nyumbani, sikumwambia. Nadhani alilijua.

Tangu hapo yeye ndiye apangaye zamu na kuamua nani amguse nani, na daftari tunalitia sahihi wote wawili. Prime ikija kwa jina langu tunaigawa mezani, kijana wetu wa tatu akiwa shahidi. Lakini ripoti ya mwezi hurudi kutoka ofisini, sahihi yake imekatwa kwa kalamu nyekundu. Mara tatu sasa. Ya nne tumeipeleka juzi, sahihi yake juu, yangu chini.