Samatta, Umri na Kura Niliyopiga

Usiku wa Jumapili, tarehe 21 Januari 2024, nilikuwa Isongole, wilayani Ileje, nimeketi juu ya benchi la mbao ndani ya kibanda cha kuoneshea mpira. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kumjulia hali baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye kwa miaka mingi alikuwa pia kocha wa timu ya shule. Alikataa kabisa kubaki nyumbani. Taifa Stars ilikuwa inacheza na Zambia mjini San-Pédro, Ivory Coast, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, na mzee alisema mechi ya namna hiyo haisikilizwi redioni.

Msomaji wa mbali huenda asielewe uzito wa mechi hiyo katika Mkoa wa Songwe. Kutoka Isongole unavuka mpaka kwenda Chitipa, Malawi. Ukifuata barabara ya lami hadi Mpemba, kisha ukaingia Tunduma, unakutana na mpaka mwingine, wa Zambia, ulio katikati ya mji. Zipo familia zenye shangazi Nakonde na mjomba Tunduma. Kufungwa na Zambia ni kufungwa na mtu ambaye keshokutwa utakutana naye sokoni, akicheka kabla hajakusalimu.

Dakika ya 11 Simon Msuva aliifungia Tanzania. Kibanda kiliyumba. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi baada ya mchezaji wao kupewa kadi nyekundu. Tulidhani kazi imekwisha. Katika kipindi cha pili, hata hivyo, timu yetu ilianza kurudi nyuma hatua kwa hatua, na mimi, mwenye shahada ya uzamivu na sauti iliyozoea kusikilizwa, nikatoa hukumu: “Samatta amekwisha. Siku hizi anacheza kwa jina tu.”

Vijana waliokaa mbele yangu waligeuka, wakatikisa vichwa kukubali. Baba mdogo hakugeuka. Akaniuliza, macho yakiwa bado kwenye televisheni, “Bao letu limetoka kwa nani?”

“Amefunga Msuva, baba.”

“Sikuuliza nani amefunga. Nimeuliza limetoka kwa nani.”

Lilikuwa limetoka kwa Samatta. Pasi ilikuwa yake. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, nikaishangilia, na saa moja baadaye nilikuwa nimekwisha kuifuta, kwa kuwa haikuandikwa kwa jina lake. Dakika ya 88 Patson Daka alisawazisha kwa kichwa, na watu wakatoka kibandani kimyakimya. Siku tatu baadaye tulitoka sare ya bila kufungana na Kongo, tukaondoka mashindanoni tukiwa wa mwisho katika kundi, na pointi mbili. Nahodha alirudi Ulaya bila bao hata moja. Katika simu za wanafunzi wangu hukumu ilikuwa ileile niliyoitoa mimi kule kibandani.

Nataka kuieleza hukumu hiyo kwa haki, kwa sababu haikuwa ya uongo mtupu. Mbwana Samatta alizaliwa Desemba 1992. Mwaka 2015 aliisaidia TP Mazembe ya Lubumbashi kutwaa ubingwa wa Afrika, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara hili. Akiwa na Genk alitwaa ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, akifunga mabao 23 ya ligi. Novemba 2019 aliifunga Liverpool pale Anfield. Miezi michache baadaye, akiwa Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, na tarehe 1 Machi 2020 akaifunga Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley.

Kisha mteremko ukaanza. Bao lile la ligi akiwa na Villa lilibaki moja katika mechi 14. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Fenerbahçe ya Uturuki, halafu Antwerp kwa mkopo, halafu Genk tena kwa mkopo, na mwaka 2023 PAOK ya Ugiriki, ambako hakuwa tena na uhakika wa kuanza kila mechi. Anayesema kwamba Samatta wa 2024 hafungi kama Samatta wa 2019 anasema kweli. Hesabu zipo, na mimi ni mtu wa hesabu.

Hapo ndipo swali la baba mdogo liliponishika, kwa sababu ya jambo lililotokea kazini miezi mitatu kabla ya safari ile. Sijawahi kuliandika mahali popote.

Nilikuwa mjumbe wa kikao kilichojadili kama mhadhiri mmoja mstaafu aongezewe mkataba. Mzee huyo alinifundisha mwaka wangu wa kwanza wa shahada. Ndiye aliyenirudishia insha yangu ya kwanza ikiwa imejaa wino mwekundu, na chini yake ameandika niende ofisini kwake. Nilikwenda, na kwa kweli sijatoka tena katika taaluma hii. Mbele yetu kikaoni palikuwa na karatasi moja yenye safu za namba: makala zilizochapishwa katika miaka mitatu, sifuri, fedha za utafiti, sifuri, idadi ya vipindi, pungufu. Mwenyekiti aliuliza kama yupo mwenye la kuongeza. Nilikuwa nalo. Nilijua kwamba nusu ya wahadhiri vijana wa idara yetu humpelekea rasimu zao kwanza, kwa siri, kabla hawajathubutu kuzituma kwingine. Nilijua kwamba makala mbili kati ya zile zilizonipandisha cheo zilipita mkononi mwake. Kazi hiyo haikuwa na safu katika karatasi ile. Nikanyamaza, nikanyoosha mkono pamoja na wenzangu, mkataba ukakoma. Alipewa barua. Hakuna aliyemwaga.

Siandiki haya ili kusema kwamba wazee wasiondoke. Utumishi wa umma katika nchi hii unaweka miaka 60 kuwa ukomo wa watumishi wengi, na sababu yake ni njema: kiti kisichoachwa huwafungia njia vijana. Hata leo, kama kura ile ingerudiwa, huenda ningeipiga vilevile. Kinachonisumbua ni kwamba nilihukumu nikiwa na ushahidi nusu, na nusu ya pili ilikuwa mfukoni mwangu.

Kushuka kwa kiwango ni jambo la maumbile, lakini mara nyingi hatulitazami vizuri. Mshambuliaji anapopita miaka 30 kinachotangulia kuondoka ni kasi. Jicho la kuona nafasi hubaki, na mara nyingine huongezeka. Mchezaji mwenye busara hubadilisha kazi yake: hushuka chini kidogo, huvuta mabeki, huwapa mipira wenye miguu mipya. Ndivyo alivyofanya usiku ule dhidi ya Zambia. Sisi tuliendelea kumpima kwa kipimo cha Genk, kisha tukashangaa kwamba hakitoshi.

Nchi yetu ina mfano wa kale kuliko Samatta. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka 1976, alipokuwa katika kilele chake, Afrika ilisusia Olimpiki ya Montreal, na Tanzania ikiwamo. Mwaka 1978 mjini Edmonton alipata fedha, si dhahabu, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Agosti 1979 Sebastian Coe wa Uingereza akaivunja rekodi yake. Waliompima kwa mita 1,500 walikuwa na haki ya kusema kwamba wakati wake umepita. Lakini mwaka 1980 alifika Moscow kukimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa sehemu kubwa ya mbio, akapitwa mwishoni na Bronisław Malinowski wa Poland, akapata medali ya fedha. Medali hiyo, pamoja na ya Suleiman Nyambui wa mita 5,000 katika michezo hiyohiyo, ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki. Bayi hakurudi alikokuwa. Alirudi kwa mlango mwingine, na baadaye akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi.

Ndiyo maana naitazama kwa mashaka hamu yetu ya kutaka Samatta “arudi”. Tunataka arudi 2019. Naamini hamu hiyo inaficha swali tusilotaka kujiuliza: kwa nini, miaka mingi baada ya kijana yule kutoka Mbagala kwenda Lubumbashi, bado tunamngoja yeye? Taifa Stars ilishiriki fainali za Afrika mwaka 1980, ikangoja miaka 39 hadi 2019, kisha ikafika tena katika zile za Januari 2024. Katika fainali hizo mbili, za 2019 na za 2024, nahodha alikuwa huyohuyo. Katika ligi yetu, msimu wa 2022/23 tuzo ya ufungaji bora waligawana Fiston Mayele wa Kongo na Saidi Ntibazonkiza wa Burundi, kila mmoja mabao 17. Siwalaumu wageni, wametufundisha mengi, na Mayele alikuwamo katika Yanga iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Msimu mmoja kabla yake mfungaji bora alikuwa Mtanzania, George Mpole wa Geita Gold, kwa hiyo vipaji vipo. Kisichokuwapo ni njia inayojulikana ya kumtoa mtoto katika uwanja wa shule na kumfikisha anakostahili, bila kutegemea bahati na nauli ya mjomba.

Asubuhi iliyofuata nilipita uwanja wa shule ambako baba mdogo alikuwa akifundisha. Mvua ya Januari ilikuwa imeugeuza upande mmoja kuwa dimbwi. Goli moja lilikuwa na miti mitatu, la pili lilikuwa na mawe mawili. Watoto walikuwa wakicheza na mpira wa makaratasi na kamba, kama tulivyocheza sisi miaka ya themanini. Nilimuuliza mzee ni nani anawafundisha sasa. Akajibu, “Nilipostaafu walinishukuru kwa jembe na blanketi. Hakuna aliyekuja kuniuliza nilikuwa nafanyaje.”

Maneno hayo yanafaa kusomwa katika ofisi nyingi kuliko viwanja. Nyinyi mlio katika halmashauri, wizarani na katika hospitali za wilaya mnajua ninachosema. Mtumishi anayejua mafaili yote, aliyeshuhudia makosa yote ya miaka ishirini, huondoka siku ya Ijumaa, na Jumatatu kijana huketi katika kiti chake akianza upya. Halafu kijana akikosea tunasema vizazi vya leo havina kitu. Na mzee akichelewa kuondoka tunasema ameng'ang'ania. Lawama hubadilika, lakini anayekwepa kazi ni yuleyule: taasisi iliyokuwa na wajibu wa kuwakutanisha wawili hao mapema.

Kwa Samatta ninatamani mambo mawili. La kwanza, afunge tena, kwa kuwa mimi pia ni shabiki na sijaacha kuota. La pili ni kubwa zaidi: kila anapoitwa kambini, awepo kijana wa miaka 19 anayelala chumba kimoja naye na kumuuliza jinsi ya kuishi Genk wakati wa baridi, jinsi ya kukaa benchi bila kuoza moyo. Bao la namna hiyo huchelewa kuonekana, na halitaandikwa kwa jina lake.

Na mimi? Niliporudi kazini nilikaa wiki moja nikiishika simu na kuiweka chini. Hatimaye nilimpigia mwalimu wangu. Nilimwambia kwamba nilikuwa kikaoni siku ile, kwamba nilikuwa na la kusema na sikulisema. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yule binti wa mwaka wa pili wa uzamili amemaliza sura ya tatu. Sikuwa najua kwamba ana tatizo katika sura ya tatu, ingawa msimamizi wake ni mimi. Nilimwomba aje idarani, hata mara moja kwa mwezi, akae na wahadhiri vijana hadharani, kwa nauli na posho ambayo nitaiombea kibali. Alisema atafikiri.

Barua ya kuomba kibali hicho nimeipeleka. Bado haijajibiwa.