Aliyeshika Kamera

Kwenye vibanda umiza vya Haydom, picha ya Kihindi ilikuwa mali ya steringi na DJ anayetafsiri. Aliyeshika kamera nani alimuulizia? Nami nilimjua baadaye: V. K. Murthy, aliyepewa tuzo ya Filmfare ya upigaji picha kwa Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt, ya mwaka 1959. Ule mwali mnene wa mwanga ndani ya studio aliupata kwa vioo vilivyoingiza jua la nje. Filamu haikuuza, lakini kazi yake ilitajwa. Hapo ndipo ninapoiheshimu tuzo hii. Maneno ya Kihindi tulisubiri tutafsiriwe. Mwanga tuliupokea mzima, bila DJ, na bila kujua wa nani.