Wapiganaji Wadogo wa Ruhuwiko

Katika Ruhuwiko, upande wa mji wa Songea uliko uwanja wa ndege, palikuwa na fundi seremala mwenye mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili. Mtoto huyo hakupenda sana mpira. Alipenda vitu vidogo. Akiokota waya njiani huutia mfukoni, maana alijua kuwa iko siku utafaa. Mama yake alipomfulia nguo hutoa mifukoni misumari, mbegu na vibiriti vitupu, akagomba, kisha akamrudishia vyote.

Wakati wa likizo mjomba wake alifika kutoka Dar es Salaam, akamwonyesha katika simu picha za watu wadogo, wasiozidi urefu wa kidole gumba, waliopakwa rangi kwa ustadi hata mboni za macho yao zilionekana. Mjomba akamwambia kuwa Ulaya wako watu wazima, wenye ndevu zao, ambao hukaa mezani usiku wakiwapiganisha watu hao kwa dadu na kwa utepe wa kupimia. Mtoto akacheka, akidhani anafanyiwa mzaha.

Lakini habari hiyo ni ya kweli, wala si ya jana. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilianza kuwafundisha maofisa wake kwa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza, H. G. Wells, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, kueleza kanuni za kupigana sakafuni kwa askari wa sanamu na mizinga midogo irushayo vijiti. Alisema humo kuwa vita vya namna hiyo ni bora kuliko vita vyenyewe. Mwaka uliofuata vita vyenyewe vikaanza, vikafika hata huku kwetu. Baadaye sana, mwaka 1983, ulitokea Uingereza mchezo uitwao Warhammer, ambao ndani yake hupigana majitu, wafu waliofufuka, na viumbe ambavyo hakuna aliyepata kuviona. Wachezaji wengi hawaridhiki na sanamu zilivyotoka kiwandani. Humkata huyu mkono wakamtia yule, humbadili kichwa, humvika ngozi, mpaka awe mtu mwingine kabisa. Tena iko michezo isiyotaka jeshi zima, bali watu kumi tu au pungufu, na kila mmoja ana jina lake na sura yake.

Neno hilo la kukata na kuunga ndilo lililomkaa mtoto yule moyoni. Alikuwa na mwenziwe, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye kwa desturi ni nduguye hasa. Wakachanga fedha zao, wakanunua mjini mfuko wa askari wa plastiki, wa rangi ya kijani, wenye bunduki na kofia za chuma. Kisha wakakubaliana kuwa nusu yao watakuwa Wangoni wa mwaka 1905, na nusu watakuwa askari wa Wajerumani, wapigane tena Vita vya Majimaji.

Kazi ikaanza nyuma ya karakana. Bunduki zilikatwa kwa wembe, taratibu, kwa kuwa wembe ukilazimishwa hukata kidole kabla ya plastiki. Sindano iliyotiwa motoni ilitoboa tundu katika kila ngumi, na katika tundu hilo ukapenya waya uliopondwa ncha, ukawa mkuki. Kazi hiyo ya moto waliifanyia nje penye upepo, maana moshi wa plastiki ni mbaya kifuani. Ngao zilitoka katika kiatu kikuukuu cha ngozi. Palipobaki shimo au ufa, mtoto wa fundi alichanganya unga wa mbao na gundi ya baba yake, akapata kitu kama ugali mgumu, akaziba kwa ncha ya kijiti. Kilipokauka alikisugua kwa msasa, hata usingeweza kujua mahali palipoungwa. Mmoja tu aliharibika. Sindano ilikuwa ya moto mno, na mkono wake wa kulia ukayeyuka ukaning'inia kama mshumaa juani.

Sasa msomaji atadhani kuwa kupaka rangi ni jambo jepesi. Siku ya kwanza walichukua rangi nzito ya milango, wakawachovya, na wote wakatoka kama viazi vilivyotiwa matope: hakuna pua wala vidole. Ikawabidi kuikwangua yote. Mjomba alipopigiwa simu aliwaeleza jinsi wafanyavyo mafundi wa Ulaya. Kwanza sanamu huoshwa kwa sabuni ili mafuta yatoke. Halafu hupakwa rangi moja nyembamba mwili mzima, nayo ndiyo ishikayo rangi zitakazofuata. Halafu kila mahali hupewa rangi yake, mara mbili tatu, kila mara nyepesi. Rangi ikiisha kukauka, hutengenezwa nyingine nyeusi iliyozimuliwa kwa maji hata ikawa kama chai ya rangi, ikamiminwa juu ya sanamu. Hiyo hushuka yenyewe katika mikunjo ya nguo na chini ya kidevu, ikawa kivuli. Mwisho brashi hutiwa rangi nyeupe kidogo, ikafutwa kwa kitambaa mpaka karibu ikauke, ikapitishwa juu juu tu. Nayo hugusa pale palipoinuka, kama jua la asubuhi liguuzavyo vilele vya Matogoro bonde likiwa bado gizani.

Brashi yao ilikuwa manyoya ya mkia wa mbuzi yaliyofungwa kwa uzi katika bua. Nyeusi ilikuwa masizi, nyekundu ilikuwa udongo uliochujwa kwa kitambaa, nyeupe ilikuwa chokaa, na zote zilichanganywa na gundi kidogo. Askari mmoja alichukua siku tatu. Mtoto wa fundi alijifunza kuzuia pumzi alipopaka jicho.

Kanuni zao zilikuwa rahisi. Uzi wenye mafundo ulipima mwendo, na badala ya dadu walitupa punje sita za mahindi zilizopakwa masizi upande mmoja, wakahesabu pande nyeusi zilizotazama juu. Ugomvi ulitokea juu ya maji ya Kinjekitile. Mtoto wa fundi alitaka kila Mngoni aliyekunywa maji arudie kutupa punje akipigwa risasi. Mwenziwe akakataa, akasema, "Hayakuzuia risasi. Tulisoma." "Lakini wao waliamini," akajibu yule, "na mtu aaminiye husogea mbele." Wakakata shauri: maji yatampa mtu fundo moja zaidi la mwendo, wala hayatamkinga.

Siku ya pambano babu yao alipita akiegemea fimbo. Wakasimama. "Shikamoo, babu." "Marahaba, wajukuu zangu." Akainama, akatazama meza kwa muda mrefu. Wangoni saba walikuwa wamelala chali mbele ya bombomu la waya.

Akamnyanyua mmoja. "Huyu ni nani?"

"Ni Mngoni tu, babu. Amekufa."

"Hana jina?"

Wakanyamaza. Mzee akaketi juu ya gogo. Akawaambia kuwa babu yake yeye alikuwa kijana mwaka ule, akaokoka risasi, akaja kuponea chupuchupu kwa njaa, maana Wadachi walichoma vihenge na mashamba, na watu wakala mizizi ya porini. Tarehe 27 Februari 1906, pale Songea, walinyongwa wapiganaji zaidi ya sitini kwa siku moja, na baada ya siku chache akanyongwa Nduna Songea Mbano mwenyewe, ambaye mji umechukua jina lake. "Na huyu mwenye bunduki," akauliza, "mnadhani ni Mdachi? Wakubwa wao ndio Wadachi. Askari wengi walikuwa watu weusi kama ninyi, wenye mama zao." Hakuwakataza kucheza. Alimlaza yule Mngoni mahali pake, akaenda zake.

Muda wa juma zima hawakuigusa meza. Hata jioni moja mwenziwe akaleta askari mmoja wa Wajerumani, akasema, "Huyu tumfanye zimwi." Wakamkata mguu mmoja, ule uliobaki wakaunenepesha kwa gundi na unga wa mbao, wakamtia jicho moja la ushanga, na manyoya ya mbuzi mgongoni. Wa pili alipata vichwa viwili. Wa tatu alipata mdomo tumboni, kama walivyosimuliwa na bibi penye moto. Haikupita mwezi, jeshi la Wajerumani lilikuwa limekwisha kabisa, na mahali pake pamekaa mazimwi sita ya kutisha, ambayo hayana mama wala kaburi mahali popote. Wakacheza tena, na kelele zao zikasikika hata barabarani.

Wangoni walipewa majina, si ya wale walionyongwa, bali majina ya kubuni tu. Yule mwenye mkono ulioyeyuka hakupewa jina, wala hakurudishwa mezani. Mtoto wa fundi alimtengenezea mkono mpya kwa waya, akampaka kwa saangalifu kuliko wote, akampelekea babu. Mzee akamgeuza geuza mwangani.

"Ngao yake mbona haina rangi?"

"Sijui ilikuwa rangi gani, babu. Nimekuja kukuuliza."

Babu akafikiri. "Sikuiona mimi. Na babu yangu, aliyeiona, hakupenda kuzungumza habari hizo."

Jumamosi ile watoto wawili waliondoka Ruhuwiko alfajiri kwa miguu, kwenda kwenye makumbusho ya Majimaji huko Mahenge, mjini Songea, kuuliza habari za ngao. Mkubwa alichukua kalamu na daftari. Mdogo alimchukua Mngoni yule ndani ya kibiriti, amemfunika kwa pamba.